Nyigu, Pembe na Herufi Tatu: Nembo za Timu na Kinachodumu Ndani Yake

Kimihurura ni mtaa wa Kigali ambao mgeni huutambua kwa kuba. Kuba hilo ni la Kigali Convention Centre, jengo lililofunguliwa mwaka 2016. Mchoraji wake, Roland Dieterle, ni Mjerumani, lakini umbo amelichukua Nyanza, kwenye nyumba ya msonge ya wafalme wa Rwanda. Usiku taa zinalizunguka kwa msokoto, na zikiwashwa kwa rangi za bendera, hata abiria wa pikipiki anayepita mbio anageuza shingo.

Hatua chache kutoka hapo lipo Bunge. Desemba 1993 askari wapatao 600 wa waasi wa RPF waliwekwa humo kwa mujibu wa mkataba wa amani wa Arusha, na mwaka uliofuata jengo likashambuliwa kwa mizinga. Matundu ya risasi na mabomu bado yako ukutani, wala hakuna aliyesahau kuyaziba: yameachwa makusudi. Ila bendera iliyo juu ya ukuta huo ilibadilishwa. Wizara ya Ulinzi nayo, iliyo nyuma ya klabu ya APR FC, ina makao yake Kimihurura hiyohiyo. Kwa mtu anayetaka kujua taifa au timu inaachaje alama zake za zamani na inabaki na zipi, mtaa huu una mengi ya kumwonyesha kwa mwendo wa miguu.

Tuanze na bendera, maana ndiyo iliyoibadilisha jezi. Januari 1961, Jamhuri ilipotangazwa Gitarama, Rwanda ilichukua rangi tatu: nyekundu, njano na kijani. Zilifanana mno na za Guinea, kwa hiyo mwaka huohuo ikapachikwa herufi R kubwa nyeusi katikati. Kwa jicho la mchoraji lilikuwa suluhisho la haraka haraka, kama jina linaloandikwa juu ya kitu kisipotee. Kabla ya hapo alama kuu ya nchi ilikuwa Kalinga, ngoma ya kifalme, nayo ikatoweka pamoja na ufalme. Kwa hiyo R ile haikuwa na mizizi ya kina. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, wekundu wa bendera ulisomeka kama damu, na alama zote zile zikahesabiwa kuwa za utawala ulioua watu wake.

Oktoba 2001 bendera mpya ikapitishwa. Aliyeichora ni msanii Alphonse Kirimobenyo: nusu ya juu ni buluu, chini yake njano na kijani, na pembeni jua lenye miale 24. Nembo ya taifa ikabadilika pia. Humo mna agaseke, kile kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, mna mtama na kahawa, mna gurudumu la meno na ngao, vyote vikizungukwa na kamba ya kijani yenye fundo. Wimbo wa taifa ukafuata Januari 2002. Timu ya taifa huvaa bendera, kwa hiyo Amavubi nao wakahamia kwenye buluu, njano na kijani. Miaka miwili baadaye wakafika Tunisia kwa fainali za Mataifa ya Afrika za 2004, fainali pekee ambazo Rwanda imewahi kucheza kwa upande wa wanaume wakubwa. Njia ya kwenda huko ilifunguliwa na bao la Jimmy Gatete dhidi ya Ghana, Kigali, Julai 2003. Mtoto aliyeanza kupenda soka mwaka ule hakuwahi kuijua Amavubi nyingine. Kwake rangi hizi ndizo za asili.

Bendera, nembo, wimbo na rangi vilibadilika, lakini nyigu alibaki. Amavubi ni nyigu, na timu ikaendelea kuitwa hivyo, mdudu akaendelea kuuma kama zamani. Kwa nini yeye aliokoka? Nadhani jibu ni rahisi kuliko tunavyodhani: hakuwahi kukaa kwenye bendera. Linganisha na Uganda. Korongo mwenye taji yuko katikati ya bendera ya Uganda tangu 1962, na timu yao ni Cranes. Siku Uganda ikiamua kumwondoa ndege yule kwenye bendera, timu itabaki na jina linaloning'inia hewani. Nyigu hakuapishwa na serikali yoyote. Hakuonekana kwenye stempu za ofisi wala kwenye vitambulisho, vile vitambulisho ambavyo mwaka 1994 viliamua nani afe. Alikuwa wa uwanjani tu, na uwanjani hakuna aliyekuwa na sababu ya kumfukuza.

Zaire, Kongo ya leo, walifanya kinyume. Rais Mobutu alipompa chui uzito wa dola, timu ikawa Leopards, na jezi ya Kombe la Dunia la 1974 ikabeba kichwa cha chui kifuani, duara kubwa lililoonekana mpaka jukwaa la mwisho. Kwa macho yangu ile ni mojawapo ya jezi nzuri kuwahi kuchorwa Afrika. Chui aliishi baada ya Mobutu, ni kweli, lakini jina likawekwa kando kwa miaka kadhaa utawala ulipoanguka, timu ikaitwa Simba, kisha likarudishwa. Alama iliyokaa karibu na kiti hutikisika kiti kinapotikisika.

Mfano unaonivutia zaidi uko kwenye ile klabu ya Wizara ya Ulinzi. APR FC iliundwa mwaka 1993, vita vikiwa bado havijaisha, kama timu ya wapiganaji, na herufi zake ni kifupi cha jina la Kifaransa la jeshi la RPF: Armée Patriotique Rwandaise. Mwaka 2002 jeshi hilo lilibadilishwa jina na kuwa RDF (Rwanda Defence Force). Mwaka 2007 Rwanda ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka uliofuata shule zikaamriwa kuhamia Kiingereza, na mwaka 2009 nchi ikapokewa katika Jumuiya ya Madola. Kila kilichozizunguka herufi zile kikageuka: jeshi lina jina lingine, ofisi zina lugha nyingine. APR imebaki APR, na nyeusi na nyeupe yake. Nani leo akipiga kelele jukwaani katika uwanja wa Amahoro anafikiria Kifaransa? Herufi zimeacha kuwa kifupi cha kitu. Zimekuwa jina.

Kenya walifika hapohapo kwa kulazimishwa. Abaluhya Football Club iliundwa mwaka 1964, na serikali ilipotaka klabu ziache majina ya makabila, viongozi wake walikuna vichwa wakatoka na All Footballers Confederation, wakaongeza Leopards. Ni jina ambalo sijawahi kumsikia shabiki akilitamka lote. Lakini AFC ilisalimika, na chui, Ingwe, akasalimika nayo. Huo ndio ujanja wa wenye klabu: serikali ilipewa maneno, mashabiki wakabaki na herufi.

Klabu za kiraia za Rwanda hazikupata misukosuko ya namna hiyo, kwa hiyo historia ya alama zake ni fupi. Mukura ya Butare, iliyoanza 1963, ni njano na nyeusi. Kiyovu ya 1964 ni kijani na nyeupe. Rayon Sports, iliyozaliwa Nyanza mwaka 1968 katika mji uleule wa wafalme, ni buluu na nyeupe, na wenyewe wanaiita Gikundiro. Watengenezaji wa jezi huja na kuondoka, michirizi huongezwa na kupunguzwa, kola hubadilishwa kila msimu, na hakuna anayeandamana. Jaribu tu kuwavisha Rayon kijani.

Hilo Watanzania hawahitaji kuelezwa. Sunderland ya Dar es Salaam ilibadilishwa jina mwaka 1971 ikawa Simba, jina zima likatupwa, na wekundu na weupe ukavuka bila kuguswa. Upande wa pili wa mji, Yanga waliwahi kugomea nembo ya mdhamini wa ligi kwa sababu ilikuwa na wekundu, rangi ya mtani. Mgeni angeona ni utoto. Mimi naona ni hukumu sahihi kabisa ya watu wanaojua mali yao: pesa ya mdhamini ni ya msimu, kijani na njano ni za klabu iliyopo tangu 1935.

Hapo tunafika kwenye biashara ambayo Rwanda yenyewe imeingia, safari hii ikiwa mdhamini. Mei 2018, Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, yenye ofisi zake Gishushu, jirani na Kimihurura, iliweka maneno Visit Rwanda kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, kwa mkataba wa miaka mitatu ulioripotiwa kuwa wa pauni milioni 30. Paris Saint-Germain wakafuata mwaka 2019, Bayern Munich mwaka 2023. Tanzania iliona, ikajibu kwa mtindo wake: Simba walivaa Visit Tanzania kifuani kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2021.

Arsenal yenyewe ina kesi yake ya nembo. Klabu ilizaliwa Woolwich mwaka 1886, kwenye kiwanda cha silaha, na mzinga ndio alama yake. Mwaka 2002 waliiacha nembo iliyokuwapo tangu 1949, yenye maandishi ya Kilatini, wakachora nyingine nyepesi. Sababu haikuwa uzuri. Ile ya zamani ilikuwa imekusanya vitu vya wengi mno hata ikawa vigumu kuilinda kisheria, na wauza fulana bandia walikuwa wakineemeka. Mashabiki walikasirika, mzinga ukageuzwa kuelekea upande mwingine, lakini ulikuwa bado mzinga. Imewahi kuwapo jezi ya ugenini ya Arsenal yenye mzinga peke yake, bila ngao wala jina, na kila mtu akajua ni nani.

Septemba 2025 Rwanda ikavuka bahari ya Atlantiki: mkataba na Los Angeles Rams wa mpira wa Kimarekani na Los Angeles Clippers wa mpira wa kikapu. Kwa Rams tunapata hadithi bora kuliko zote za nembo, na inafaa kusimuliwa polepole.

Mpira wa Kimarekani huchezwa kwa helmeti, na hadi miaka ya 1940 helmeti za timu za kulipwa hazikuwa na nembo yoyote. Ngozi tupu, au rangi tu. Rams, jina lenye maana ya kondoo dume, walikuwa na mchezaji aitwaye Fred Gehrke, aliyekuwa amesoma sanaa chuo kikuu. Alichoshwa na ngozi ile ya kahawia. Akachukua helmeti moja, akaipaka buluu, na kila upande akachora pembe ya kondoo dume kwa njano, ikianzia juu ya paji la uso na kujikunja hadi sikioni. Klabu ikaipenda. Majira ya joto ya 1948 akakaa nyumbani kwake na helmeti 75, akazichora kwa mkono moja baada ya nyingine, malipo yakiwa dola moja kwa kila moja. Ngozi na rangi havikupatana: wachezaji waligongana, rangi ikabanduka, na Gehrke akawa mtu wa kupiga viraka vya rangi msimu mzima huku akicheza. Helmeti za plastiki zilipokuja mwaka 1949, kazi ikahamia kiwandani. Ndiyo nembo ya kwanza ya helmeti katika mpira wa kulipwa wa Marekani.

Tazama akili ya mchoro ule. Hakubandika picha ya kondoo kwenye helmeti. Aliigeuza helmeti ikawa kichwa cha kondoo. Intore, wacheza ngoma wa Rwanda, wanaelewa jambo hilo bila somo: umugara, ile singa ndefu ya kichwani, haimwonyeshi simba, inamfanya mchezaji awe na kichwa cha simba. Mchoro wa namna hiyo hauhitaji maelezo, na ndiyo maana umehimili mengi. Timu ilihamia St. Louis mwaka 1995, ikarudi Los Angeles 2016. Pembe zimekuwa nyeupe, njano, dhahabu ya kung'aa, nyeupe tena, kisha njano tena. Mwaka 2020 walijaribu mengi kwa pamoja: nembo mpya ya herufi, na pembe ya helmeti ikakatwa katikati kwa pengo. Herufi zilichekwa, na Eric Dickerson, nguli wa timu, akasema hadharani kwamba mashabiki hawaitaki. Pembe, hata ikiwa na pengo, iliendelea kuwa pembe.

Ligi ya Rams hairuhusu mdhamini kwenye jezi za mechi, sembuse helmeti. Rwanda imepata nafasi kwenye uwanja wao wa SoFi, si kwenye jezi. Arsenal, kwa upande wao, walitangaza Novemba 2025 kwamba mkataba wao na Rwanda unaisha Juni 2026, baada ya miezi ya malalamiko kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, huku Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, akiwa ameziandikia klabu zote tatu za Ulaya. Kitakachobaki mkononi mwa jezi yao sijui, ila mzinga hauna mkataba.

Clippers ndio walioifungulia Rwanda kifua cha jezi. Na hao walikuwa wamebadilisha nembo yao mwaka 2024, wakachora merikebu inayokuja ikiwa imeelekeza omo mbele. Kwa hiyo sasa nchi ya vilima elfu, isiyo na hata ufukwe wa bahari, imepata nafasi pembeni ya chombo cha tanga.