Mwanachama Mpya: Alichotarajia na Alichokikuta



Kila mwaka taarifa hii hutaja hesabu ya walioingia na ya waliotoka. Safari hii twaona yafaa kuandika habari za hao wanaoingia, na kwa nini baadhi yao huondoka kabla mwaka haujatimia. Jambo hili halikuanza na vijana wa leo wa Kawangware na Kangemi.

Apitaye Kenyatta Avenue, katikati ya mji, huziona sanamu tatu zilizosimamishwa mwaka 1928. Mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi. Katika Vita vya 1914 hadi 1918 watu wengi wa nchi hii walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na kambi yao ndiyo iliyoacha jina la Kariokor. Katika safari za vita hivyo ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani katika miaka ya 1890, ilizidi kuenea bara, pamoja na vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti.

Kijana aliyeingia beni alivutwa na sare, gwaride, tarumbeta na vyeo: huyu mfalme, yule jenerali. Hayo aliyapata. Lakini alikuta na mchango. Mwenzake akiugua, sharti amwangalie. Akifa mbali na kwao, sharti amzike. Wakubwa wa Serikali ya Kiingereza waliingiwa na shaka kwamba hii ni njama, wakafanya uchunguzi. Hawakujua kwamba mtu asiye na ukoo mjini hutafuta kwanza watu wa kumzika.

Baadaye viliinuka vyama vya watu wa kwao. Luo Union ilikuwa na matawi mbali na Nyanza, na katika miaka ya 1950 Ker wake alikuwa Mzee Oginga Odinga. Abaluhya nao walikuwa na chama chao. Kijana aliyetoka nyumbani alitumaini kupata pa kulala na mtu wa kumwombea kazi. Aghalabu alikuta kwanza ada, mikutano na maneno ya wazee. Wengine, tusifiche, walivutwa na mpira tu. Nasi hatuwezi kusifu kila kitu: vyama hivyo viliwakamata wanawake waliokaa mjini bila waume na kuwarudisha kwao kwa nguvu, na kuliita jambo hilo heshima ya kabila. Dada aliyekuja mjini kutafuta riziki hakuona udugu hapo.

Mwaka 1980 vyama vya kikabila vilivunjwa kwa amri ya Serikali, hata timu zikabadili majina. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Jina liliondoka, lakini haja iliyowakusanya watu ilibaki, kwa kuwa watu hawakuacha kufa Nairobi, wala ndugu zao hawakuacha kutaka wakazikwe nyumbani.

Mgeni wa siku hizi akija kwetu swali lake la kwanza ni mkopo: utatoka lini? Hatumlaumu, kodi ya nyumba haingoji. Tena tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 aweza kulipa ada yake bila kuonana na mtu hata mmoja. Basi hudhani amekwisha maliza wajibu. Siku ya msiba huitwa afike chumba cha maiti cha Ngong Road alfajiri, kutafuta karatasi, kupatana na mwenye gari, kumshika mkono mjane ambaye hajawahi kumwona. Hapo ndipo wengine hukata shauri kuondoka. Kwa maoni yetu kosa si lao peke yao: sisi wenyeji huwasomea kanuni za fedha, na hili hatuwaambii.

Kwa sababu hiyo halmashauri imekubali kwamba kila anayeomba kujiunga aandamane kwanza na kamati ya mazishi mara moja, kabla ya kupokewa kiingilio chake. Wazee kadhaa waliona ni ukali, wakisema tutawafukuza watu. Wawili wamekwisha kujaribiwa hivyo. Mmoja hakurudi, wa pili ndiye anayemsaidia mweka hazina kuandika daftari la michango.