Teknolojia katika kisomo cha watu wazima

Teknolojia katika kisomo cha watu wazima ni matumizi ya redio, video, simu na programu za kompyuta katika kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu watu waliokosa shule utotoni. Mara nyingi huchanganywa na kujifunza lugha ngeni kwa simu, ilhali mambo hayo mawili yametengana. Kozi ya Kiswahili iliyofunguliwa na Duolingo mwaka 2017 ilitungwa kwa wasomaji wa Kiingereza. Anayeshika simu bila kujua herufi hana pa kuanzia katika kozi kama hiyo. Kwa mwanakisomo, chombo chochote kina thamani kadiri kinavyomletea maandishi ambayo maisha yake yanayadai. Historia ya Tanzania inaonyesha hivyo waziwazi.

Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni zilizofuata ziliegemea redio. Kubwa zaidi ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2. Nguvu yake haikutoka kwenye mawimbi ya redio peke yake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Kila wiki kikundi kilikusanyika, kikasikiliza kipindi, kikasomewa sehemu ya kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kikajadiliana, kisha kikaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Kando ya redio kulikuwa na magazeti ya vijijini, likiwemo Elimu Haina Mwisho la Kanda ya Ziwa, yaliyompa aliyehitimu kitu cha kusoma baada ya daftari kujaa. Magazeti hayo yanastahili sifa kubwa kuliko yanayopewa kwa kawaida, kwa sababu ndiyo yaliyotenganisha kujua herufi na kuwa msomaji.

Wapo wanaosema mafanikio hayo yalikuwa ya takwimu tu. Serikali ilieleza kuwa kutojua kusoma kulishuka kutoka takribani theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, na sensa ya 2012 ikakuta karibu mtu mzima mmoja kati ya watano hajui kusoma. Hoja hiyo ina uzito, na vipimo vya wakati ule vinaweza kutiliwa shaka. Lakini kilichobadilika katikati hakikuwa mbinu ya kufundishia. Uchumi wa miaka ya 1980 ulibana bajeti, magazeti ya vijijini yakadhoofika, na maelfu ya waliohitimu wakabaki hawana cha kusoma. Herufi zisizotumika husahaulika. Ushahidi wa kurudia ujinga, kwa hiyo, unatufundisha zaidi juu ya ukosefu wa maandishi kuliko juu ya udhaifu wa redio.

Simu ilileta nafasi mpya, na jaribio lililopimwa kwa uangalifu lilifanyika Niger. Kuanzia mwaka 2009, vijiji 113 vilipata madarasa ya kawaida ya kisomo kwa Kihausa au Kizarma. Katika baadhi yake wanafunzi walifundishwa pia kutumia simu za kawaida, zile za kitochi, kila moja ikishirikiwa na kikundi. Mtafiti Jenny Aker na wenzake waliona kuwa waliofundishwa kwa kutumia simu walipata alama za juu zaidi, na faida yao katika hesabu ilikuwepo hata miezi saba baada ya madarasa kwisha. Simu haikuwa mwalimu. Ilikuwa sababu ya kuandika: ujumbe mfupi kwa ndugu aliyehamia mjini ni maandishi yenye mtu wa kuyapokea na kuyajibu. Njia ya Kikuba ya Yo, sí puedo, iliyobuniwa na Leonela Relys na kujaribiwa Tanzania kwa jina la Ndiyo Naweza, hutumia masomo ya video na huambatanisha herufi na namba ambazo mtu mzima amekwisha kuzizoea sokoni. Hata hapo mwezeshaji hukaa darasani, maana mkanda hauwezi kuona nani amekwama.

Pingamizi zito zaidi ni la leo. Simu janja hutuma ujumbe wa sauti na inaweza kumsomea mtu maandishi. Basi kisomo cha nini? Jibu limo katika maandishi yanayomfunga mtu: mkataba wa mkopo, hati ya ardhi, maelezo ya dawa, ujumbe wa kuthibitisha muamala wa M-Pesa. Anayesomewa na mashine hawezi kuihakiki mashine hiyo, wala hawezi kurudi kwenye sharti moja na kulitazama upya kwa mwendo wake kabla ya kuweka dole gumba. Sauti inamfaa sana anayeanza, hasa ikienda pamoja na maneno yanayoonekana kwenye kioo. Ikiyaondoa maneno hayo, inamwacha akimtegemea mwingine kama zamani.

Pengo lililo wazi sasa ni la matini. Mradi wa African Storybook, ulioanza mwaka 2014, umethibitisha kuwa hadithi za Kiswahili na za lugha nyingine za Afrika zinaweza kuchapishwa bure mtandaoni na kunakiliwa kwa ruhusa. Hadithi za mradi huo, hata hivyo, ni za watoto. Mkulima wa pamba wa miaka 45 anahitaji kurasa fupi kuhusu bei, mizani, viuatilifu na haki za mirathi, zikiwa na maandishi makubwa na sentensi zisizomdharau.