Kuhifadhi prosija za hifadhidata: Faili pekee haitoshi

KARANI wa chama cha akiba na mikopo anayeandika upya, kila mwisho wa mwezi, amri zile zile za kukokotoa riba anajitwika kazi ambayo seva ingemfanyia. Hifadhidata nyingi za kisasa huweza kuweka mfuatano wa amri za lugha ya SQL chini ya jina moja, ukaitwa kila unapohitajika. Mfuatano huo ndio prosija.

Lugha ya SQL ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM mapema katika miaka ya 1970, wakijenga juu ya nadharia ambayo mwenzao, Edgar Codd, aliichapisha mwaka wa 1970. Prosija zilikuja baadaye sana. Oracle ilizileta katika toleo la 7 mwaka wa 1992, MySQL katika toleo la 5.0 mwaka wa 2005, nayo PostgreSQL, iliyokuwa imetosheka na funksheni, ikangoja hadi toleo la 11 la mwaka wa 2018.

Linalowakanganya wengi ni neno lenyewe ‘kuhifadhi’. Mtumiaji wa MySQL Workbench au SQL Server Management Studio anapoandika prosija katika dirisha la kuhoji, kisha akabofya kitufe cha kuhifadhi, kinachowekwa ni faili ya maandishi katika tarakilishi yake. Seva haina habari. Prosija huingia katika hifadhidata pale tu amri ya kuiunda, CREATE PROCEDURE, inapotekelezwa. Kinyume chake pia ni hatari: anayeirekebisha kwenye seva na kuisahau faili hubaki na nakala mbili zinazopingana, asijue ya kuamini ni ipi. Walio makini huifanya faili kuwa nakala asilia, wakaiweka katika mfumo wa kufuatilia mabadiliko kama vile Git.

MySQL ina mtego wake, nao ni nukta-mkato. Alama hiyo hufunga kila amri, hivyo programu ya kuhoji ikikutana nayo katikati ya prosija hudhani maandishi yamekwisha na kupeleka kipande tu. Ndiyo maana mwandishi hutanguliza neno DELIMITER na kuchagua alama nyingine, aghalabu dola mbili, hadi prosija itimie.

Ili prosija itumike tena na tena, mwezi na mwaka visiandikwe ndani yake bali vipokelewe kama vigezo. Hapo karani huandika CALL hesabu_riba(6, 2024) na kazi ikaisha. Katika SQL Server neno ni EXEC. Faida nyingine ni ya usalama, kwani karani anaweza kupewa ruhusa ya kuiendesha prosija bila kuruhusiwa kugusa majedwali yenyewe. Hata hivyo, prosija inayounganisha maneno ya mtumiaji ili kuunda amri mpya ndani yake bado huwafungulia wadukuzi mlango. Wanaodai kwamba prosija ni kinga kamili wanapotosha.

Hasara kubwa zaidi hujificha katika nakala za akiba. Programu ya mysqldump, inayotumiwa sana kunakili hifadhidata za MySQL, hunakili majedwali na vichochezi vyake, lakini huziacha prosija isipoelekezwa kwa chaguo la --routines. Msimamizi anaweza kunakili kila usiku kwa miaka, na siku diski inapoharibika akarejesha kila shilingi ya wanachama pasipo hata prosija moja ya kuzikokotoa. Dawa ni kuongeza chaguo hilo, kuirejesha nakala kwenye seva ya majaribio, kisha kutumia SHOW PROCEDURE STATUS kuhakikisha kwamba kila jina limo.