Madagaska katika Gondwana

Madagaska, Bukini ya mabaharia wa zamani, ilikuwa sehemu ya Gondwana, bara kuu lililounganisha Afrika, Uhindi, Antaktiki, Australia na Amerika ya Kusini. Ilikaa wapi hasa? Ukitazama ramani tu, utadhani ilimeguka Msumbiji, ng'ambo ya mlango wa bahari ambao penye wembamba una kilomita 400 hivi. Wapo wanajiolojia waliosema hivyo, na wapo walioshikilia kwamba haikusogea kamwe. Alexander du Toit wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1937, aliipandisha kaskazini hadi ubavuni mwa Kenya na Tanzania.

Visukuku havikutosha kumaliza ubishi. Tangasaurus, mtambaazi aliyepatikana Tanga na kupewa jina mwaka 1924, ni jamaa wa karibu wa Hovasaurus wa Madagaska, lakini undugu wa wanyama haupimi kilomita. Hata miamba ilikuwa shahidi wa kusitasita: tsavoriti, kito cha kijani, huchimbwa Simanjiro, Taita na Madagaska pia, ila ukanda wa miamba inayoizaa umeenea kutoka Ethiopia hadi Msumbiji.

Sumaku ndiyo iliyoamua. Mashapo yanapotulia, chembe zake za madini ya chuma hujipanga kufuata uga wa sumaku wa dunia. Kwenye ikweta uga huo umelala. Kadiri unavyokaribia ncha ndivyo unavyoinama. Mwinamo uliohifadhiwa katika mwamba hufichua latitudo ya kale. Longitudo hauionyeshi, na huo ni upungufu mkubwa wa mbinu hii, lakini kwa bahati mabishano haya yalihusu kaskazini na kusini. Mwaka 1976 vipimo vya miamba ya mashapo ya kale iitwayo Karoo, huko Madagaska, vilimpa ushindi du Toit.

Ushahidi wa baharini ulifuata. Mwaka 1983 Philip Rabinowitz, Millard Coffin na David Falvey walieleza mistari ya sumaku katika sakafu ya bahari kusini mashariki mwa Somalia, alama za ganda jipya lililozaliwa kisiwa kikihama. Safari ilianza yapata miaka milioni 165 iliyopita, ikakoma baada ya miaka milioni 40 hivi. Uhindi iliiacha Madagaska baadaye, karibu miaka milioni 88 iliyopita, kukiwa na milipuko mikubwa ya volkeno.

Kilichobaki kubishaniwa ni mshikamano wenyewe. Kingo za mabara hunyooka na kukonda kabla ya kukatika, kwa hiyo pwani za leo haziwezi kuunganishwa zilivyo. Kila mchoro wa Gondwana hutegemea makadirio ya mnyooko huo.