Kuhamisha jokofu bila kuliharibu: Mambo ya kuzingatia kwa wakazi wa Kanama, Rwanda

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini nchini Rwanda. Watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Katika wilaya ya Rubavu, mto Sebeya ulifurika na kuingia majumbani, na sekta ya Kanama ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika. Mamlaka ziliwataka wakazi wa maeneo hatarishi kuhamia sehemu salama.

Miongoni mwa mali inayobebwa wakati wa kuhama, jokofu lina tabia ya pekee: linaweza kufika bila mkwaruzo hata mmoja, kisha likafa siku hiyo hiyo kwa sababu ya haraka ya kuliwasha. Kwa mwenye duka la vinywaji au maziwa katika kituo cha biashara cha Mahoko, hasara hiyo ni ya mtaji, si ya chombo cha nyumbani tu.

Kwa nini jokofu halipaswi kulazwa

Nyuma ya jokofu, sehemu ya chini, kuna kompresa, ambayo ni pampu inayosukuma gesi ya kupoza ndani ya mabomba membamba. Ndani ya ganda lake la chuma mna mota iliyokaa juu ya springi, na chini yake mna mafuta ya kulainisha.

Jokofu likilazwa, mafuta hayo hutiririka na kuingia katika mabomba. Likiwashwa kabla hayajarudi, kompresa huzunguka bila mafuta ya kutosha na kusagika, au mafuta huziba bomba jembamba linalopitisha gesi. Jokofu huendelea kunguruma lakini halipozi. Aidha, mitikisiko mikali inaweza kuchomoa mota kutoka kwenye springi zake.

Kabla ya siku ya kuhama

Jokofu linapaswa kuzimwa na kuchomolewa kwenye umeme siku moja kabla, ili barafu iyeyuke na maji yakauke. Kukwangua barafu kwa kisu ni kosa linaloharibu majokofu mengi, kwani ukuta wa friza huwa na mabomba laini ya alumini. Tundu dogo kama la sindano linatosha kutoa gesi yote.

Rafu, droo na vioo hutolewa na kufungwa peke yake. Waya wa umeme hukunjwa na kubandikwa nyuma, na mlango hufungwa kwa kamba au utepe usioacha gundi. Ni vyema pia kupima upana wa milango ya nyumba mpya mapema, kuliko kugundua mlangoni kwamba jokofu halipiti.

Njiani

Barabara kuu ya Musanze hadi Rubavu, inayopita Kanama, ina lami, lakini njia nyingi za kupandia vilimani ni za udongo na mawe. Kwa sababu hiyo jokofu linapaswa kusimama wima katika gari, likiegemezwa upande wa mbele na kufungwa kwa kamba mbili, moja juu na nyingine katikati, huku blanketi au godoro likizuia misuguano. Dereva anapaswa kwenda polepole.

Wabebaji wasiopungua wawili hulishika chini, kamwe si kwa mpini wa mlango wala kwa mabomba ya nyuma. Wanapopanda ngazi au mteremko, wasiliinamishe kupita nyuzi 45.

Ikiwa hakuna namna ila kulilaza, lilazwe kwa ubavu na kwa muda mfupi. Lisilazwe kwa mgongo, kwa sababu uzito wake huyabana mabomba, wala kifudifudi juu ya mlango.

Baada ya kufika

Hapa ndipo subira inapohitajika. Jokofu lililosafiri wima liachwe litulie kwa saa mbili hadi nne kabla ya kuwashwa. Lililolazwa lisimame wima kwa muda usiopungua ule liliolala, na ikiwa muda huo haukumbukwi, saa 24 zinatosha.

Liwekwe mahali palipo sawa, mbali na jua na jiko, na nafasi ya sentimita tano hadi kumi iachwe nyuma yake ili joto litoke. Lichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Chakula kiingizwe baada ya ubaridi kufikia nyuzi joto 4 za Selsiasi au chini yake, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa.

Jokofu lililoingiwa na maji ya mafuriko

Jokofu lililozama lisichomekwe kwenye umeme hata kama linaonekana kavu. Maji machafu na matope hubaki katika nyaya, katika kompresa na katika sponji iliyo ndani ya kuta zake. Fundi anapaswa kulikagua kwanza. Chakula kilichoguswa na maji hayo kitupwe.

Jokofu lisilotengenezeka ling'olewe mlango kabla ya kuwekwa uani, kwa kuwa mtoto anayejificha ndani yake anaweza kukosa hewa.

Gesi iliyomo ndani

Kibandiko kilicho ndani au nyuma ya jokofu hutaja aina ya gesi. R600a, inayotumika katika majokofu mengi mapya, huwaka moto, ingawa kwa kawaida haizidi gramu 150. Bomba likivunjika, madirisha yafunguliwe, jiko la mkaa litolewe nje, na swichi ya umeme isiguswe hadi chumba kipate hewa.

R134a, iliyomo katika majokofu mengi ya zamani, haiwaki kwa urahisi, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto mara zaidi ya 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Mji mkuu wa Rwanda ndiko yalikofikiwa, tarehe 15 Oktoba 2016, Marekebisho ya Kigali ya Mkataba wa Montreal, yanayozitaka nchi kupunguza gesi za kundi hilo. Yalianza kutekelezwa tarehe 1 Januari 2019.

Kwa hiyo mabomba ya jokofu lililokufa yasikatwe ili kuuza shaba yake kama chuma chakavu. Gesi hiyo inapaswa kutolewa na fundi mwenye chombo cha kuikusanya.