Ujira wa Mbwa: Kutoka Sokoke hadi Bandari ya Mombasa

Pwani ya Mayungu, kusini ya Malindi, maji yakishatoka jioni, kijana mmoja mvuvi humfundisha mbwa wake. Siku moja nilisimama nikawatazama hata jua likazama. Mkononi alikuwa na vipande vya ng'onda, vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. "Kaa!" Mbwa, jike jekundu lenye sikio lililochanika, akamkodolea macho. Kijana hakurudia neno wala hakupaza sauti. Alingoja. Makalio ya mbwa yalipogusa mchanga tu, kabla hajainuka, kipande kilikuwa kinywani mwake. Mara ya nne alikaa neno halijaisha.

"Ukichelewa kumpa, mjomba," kijana aliniambia, "atadhani umemlipa kwa kuinuka."

Maneno hayo yalinirudisha mbali. Shambani kwa ami yangu, upande wa Kilifi, kulikuwa na mbwa wa kufukuza ngedere na nguruwe mwitu kwenye mahindi. Ami alikuwa akimwita, na mbwa akikawia, alipofika hupokewa kwa bakora. Kwa hesabu ya ami, mbwa aliadhibiwa kwa kuchelewa. Kwa hesabu ya mbwa, alipigwa kwa kuja. Haukupita muda mrefu ikawa akisikia jina lake anakimbilia vichakani, nasi tukasema huyu mbwa mkaidi. Hakuwa mkaidi. Alishika somo lilelile tulilompa, na mpaka leo nikimkumbuka huona haya.

Wengi huamini kwamba kumfundisha mbwa ni jambo lililotuingilia Pwani pamoja na majumba ya ufukweni na vibao vya "Mbwa Mkali" magetini. Si kweli. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida katika Qurani inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na inawataja wenye kuwafunza kuwa wanawapa sehemu ya elimu waliyopewa wao na Mungu. Huwa nairudia kauli hiyo kwa mshangao. Mnyama ambaye kumgusa akiwa na majimaji kunadai kuosha mara saba, moja kwa udongo, ndiye huyohuyo anayehesabiwa kuwa anaweza kupokea elimu.

Wanazuoni wakalazimika kuamua: mbwa aliyefunzwa ni yupi? Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliliweka jambo hilo wazi katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika mwambao wetu wa madhehebu ya Shafi. Akitumwa, aende. Akizuiwa, azuilike. Akikamata, amshikie bwana wake bila kula. Na hayo yajirudie mpaka ithibitike kuwa yamekuwa mazoea. Akija kula nyama ya windo baada ya kuhitimu, windo lile haliliwi naye anaanza kufunzwa upya. Akiramba damu tu, hana kosa. Ni mizani ya watu waliomjua mbwa kwa karibu, maana mtu asiyewahi kuwinda naye hangefikiria kutenganisha damu na nyama.

Mbwa mwenye njaa amwachie mtu paa mzima! Fiqhi inaeleza kipimo cha kufaulu. Mbinu ya kufika hapo ni ufundi wa msasi. Mzee mmoja wa Dida, magharibi ya msitu wa Arabuko-Sokoke, alinieleza kuwa zamani mbwa alipewa utumbo wake palepale windo lilipoangukia, kwa mkono, kabla nyama haijafungwa. Aliyecheleweshewa fungu lake, safari iliyofuata alijikatia mwenyewe. Uwindaji wenyewe umeharamishwa na sheria ya Kenya tangu 1977, na ni haki, kwani msitu huo wa kilomita za mraba kama 420 ndio ngome ya isanje, mnyama mdogo wa pua ndefu, na humo pia amebaki paa nunga, aliye adimu kupita kiasi. Tatizo ni kwamba marufuku hayo yalipotuondolea usasi yaliondoka na elimu yake, tukabaki na mbwa bila ya mwalimu.

Ulaya nako ilikuwa na njia zake. Mwaka 1910 Mjerumani Konrad Most alichapisha mwongozo wa kufunza mbwa uliotegemea sana mshipi na kuvuta kwa nguvu, na fikra za namna hiyo zilitawala mbwa wa polisi na wa jeshi kwa miongo mingi. Lakini tayari mwaka 1898, Mmarekani Edward Thorndike alikuwa amefungia paka katika masanduku na kuweka chakula nje. Aliona kuwa tendo linaloleta raha hurudiwa. B. F. Skinner akaiendeleza hoja hiyo, na mwaka 1951 akawashauri watu wa kawaida watumie kidude kinacholia "ka!" ili mnyama ajue ni tendo gani hasa linalolipwa. Karen Pryor, aliyefunza pomboo Hawaii, mnyama ambaye huwezi kumfunga mshipi wala kumpiga akiwa kilindini, ndiye aliyelieneza somo hilo kwa wafugaji wa mbwa kwa kitabu chake cha 1984.

Kwetu Afrika Mashariki ushahidi mkubwa ulitoka kwa panya. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, linawafunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wanuse mabomu ya ardhini. Mlio mmoja, kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, aligundua Kambodia mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza.

Kisha zamu ikarudi kwa mbwa. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianza kufunza mbwa na waongozaji wao huko Usa River, karibu na Arusha, na baadaye baadhi yao wakakabidhiwa askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) katika bandari ya Mombasa, mlango uliopitishiwa pembe za ndovu kwa wingi katika miaka hiyo. Mbwa hunusa mzigo, na akipata harufu ya pembe hukaa kimya. Mwongozaji hutoa mpira, na kazi yote, joto lote la bandari, hulipwa kwa dakika chache za kuvutania mpira huo.

Nilirudi Mayungu siku chanjo ya kichaa cha mbwa ilipopita kijijini. Kenya imekusudia kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na mpango wake unataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, jambo gumu pale mbwa wanapokimbia wakiitwa. Mbwa wengi wa diko walikuwa wamefukuzwa kwa kamba tangu asubuhi. Yule jike jekundu aliitwa mara moja. Akaja, akakaa, sindano ikaingia begani, na ng'onda ikafuata papo hapo.