Asili ya Vitufe vya Muziki

Tangu Novemba 1889, pale Louis Glass alipoiweka katika baa ya Palais Royale mjini San Francisco mashine ya sauti ya Edison yenye mirija minne ya kusikilizia, kila mmoja ukidai sarafu yake ya senti tano, binadamu hajaacha tamaa ya kuuamrisha muziki kwa ncha ya kidole. Tamaa hiyo ya kuamrisha kwa kidole ilifika hata kwenye televisheni: mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti ya televisheni, kazi ya Robert Adler, ambayo, na hili kwangu ndilo la ajabu kupita yote, haikuhitaji betri, kwani nyundo ndogo ziligonga fimbo za alumini, nazo zikatoa mlio usiosikika na masikio ya watu.

Spotify, huduma ya kusikiliza muziki kwa intaneti, ilipozinduliwa mwaka 2008, vitufe aghalabu vilikuwa vikigeuka picha juu ya kioo. Ndipo mafundi wa nyumbani, kwa vibao vya kielektroniki vya jamii ya Arduino, vilivyoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, wakaja kujiundia visanduku vya mezani vyenye kirungu cha kuzungusha, ambavyo havipitishi sauti hata chembe, bali huipelekea huduma hiyo amri tu kwa njia ya intaneti, na wimbo ukaitikia katika spika iliyo kwingineko.